Kumpokea Mtaalamu wa Kujitolea Kutoka Nje: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Wakulima na Wasindikaji

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori ya Kongwa, katika mkoa ambao leo ni Dodoma, kwa matumaini ya kulima karanga kwa matrekta kwenye mashamba ambayo kwa jumla yangefikia mamilioni ya ekari. Wataalamu waliotumwa kuikagua nchi mwaka uliotangulia walikuwa wameizunguka kwa wiki chache tu. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulipokauka ulishikamana kiasi kwamba karanga hazikung'oleka, mvua hazikuja kama zilivyotarajiwa kwenye makaratasi, na mapema mwaka 1951 mpango ulifungwa ukiwa umekwisha kuteketeza takriban pauni milioni 36. Wagogo, ambao wamelima na kuchunga katika nchi ile kame kwa vizazi, hawakuwa na sauti katika maamuzi hayo.

Mtaalamu wa kujitolea anayekuja leo kwa wiki mbili au tatu kufundisha kikundi cha kina mama namna ya kusindika karanga si mpango wa ukubwa huo, lakini hatari iliyomo ni ileile: ujuzi mzuri unaojibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Tofauti ni kwamba safari hii kikundi chenyewe ndicho kinachoandika ombi, na anayeandika ombi vizuri huongoza ziara nzima. Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya namna hiyo. Mfano wangu mkuu ni kikundi kinachotengeneza siagi ya karanga, kwa sababu karanga hugusa karibu kila tatizo ambalo msindikaji mdogo hukutana nalo, ila hatua zenyewe zinafaa pia kwa alizeti, mihogo, maziwa na matunda.

Wanaotuma wataalamu hawa

Kuna makundi mawili ambayo ni vizuri kuyatofautisha mapema. Kundi la kwanza ni la watu wanaokuja kwa muda mfupi, mara nyingi kati ya wiki mbili na sita, kutatua jambo moja mahususi. Hapa wamo wataalamu wa PUM ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1978, na wa SES ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ambao wengi wao ni wastaafu wenye uzoefu wa miongo mingi kiwandani au shambani. Kwa miaka mingi Marekani nayo iliendesha mpango wa mkulima kwa mkulima uliopewa fedha kwa mara ya kwanza kupitia sheria ya kilimo ya mwaka 1985 na baadaye ukapewa jina la John Ogonowski, rubani na mkulima wa Massachusetts aliyewasaidia wakimbizi wa Kambodia kupata ardhi ya kulima, na ambaye aliuawa katika mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Baada ya serikali ya Marekani kusimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, kazi nyingi zilizotegemea fedha hizo zilikatika ghafla. Kikundi chochote kilichowahi kupokea wageni kwa njia hiyo kinapaswa kuhakiki upya kama mlango bado uko wazi kabla ya kuandika barua.

Kundi la pili ni la wanaokaa muda mrefu. Wajitoleaji wa Japani wanaoletwa na JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la nchi hiyo, wa Peace Corps ya Marekani na baadhi ya wale wa VSO ya Uingereza huishi na jamii kwa mwaka mmoja au miwili, hujifunza lugha, na hufaa zaidi kwa kazi ya kujenga mazoea kuliko kwa kurekebisha mashine. Kwa JICA, maombi hupitia serikalini, hivyo anzieni ofisi ya kilimo ya halmashauri. Kwa upande wa PUM na SES, kikundi kilichosajiliwa au chama cha ushirika kinaweza kuomba chenyewe kupitia mwakilishi wao aliye nchini.

Ipo njia ya tatu ambayo nadhani haithaminiwi inavyostahili. Norec ya Norway hugharamia mabadilishano ya wafanyakazi baina ya taasisi, yakiwemo mabadilishano kati ya nchi mbili za Afrika, na fundi wa karanga kutoka Malawi au wa maziwa kutoka Uganda huja akiwa amekwisha kufanya kazi katika joto, vumbi na kukatika kwa umeme kama kwenu. Vivyo hivyo Watanzania na Wakenya walioko ughaibuni ambao wameajiriwa kwenye viwanda vya chakula wanaweza kutumia likizo yao kufundisha kwa Kiswahili bila mkalimani, na jambo hilo peke yake huokoa karibu nusu ya muda wa mafunzo.

Itajeni shida hadi ipimike

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, nayo hufanyika kabla barua haijaandikwa. Ombi linalosema kwamba kikundi kinahitaji mafunzo ya usindikaji bora litaleta mtu mwema atakayefundisha kila kitu kidogo kidogo. Ombi linalosema kwamba siagi ya karanga hutenganisha mafuta juu baada ya wiki tatu na wenye maduka huirudisha, au kwamba kati ya magunia kumi yanayonunuliwa mawili hutupwa kwa sababu ya ukungu, litaleta mtu anayejua tiba ya jambo hilo.

Ili kufika hapo, kikundi kifuatilie mzigo mmoja tangu unapoingia stoo hadi unapouzwa. Pimeni karanga zenye maganda kwa mizani, mmenye, mpime tena. Kwa kawaida kilo 100 zenye maganda hutoa kilo 60 hadi 70 za karanga zilizomenywa, na mkipata chini sana ya hapo mjue shida imeanzia kwenye mbegu, ukame shambani au namna ya kumenya. Chambueni mbovu, zipimeni, ziandikeni. Pimeni kilichobaki baada ya kukaanga na kuondoa ngozi, kisha siagi iliyotoka kwenye mashine, kisha idadi ya chupa zilizojazwa. Andikeni pia saa zilizotumika katika kila hatua, kuni au mkaa uliochomwa, na fedha iliyoingia. Fanyeni hivyo kwa mizigo mitatu au minne ili msidanganywe na siku moja mbaya. Mkimaliza mtaona wenyewe ni hatua ipi inayovujisha mali, na mara nyingi siyo ile ambayo kikao kilidhani.

Waulizeni pia walio nje ya kikundi. Mwenye duka ataeleza kwa nini mteja huchagua chupa ya jirani, na mkulima anayewauzia karanga ataeleza kama huzilowesha maji ili zimenyeke kwa urahisi mkononi. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee. Karanga zilizoloweshwa na kurudishwa gunia zikiwa na unyevunyevu ni makao mazuri ya kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambaye hutoa sumukuvu. Sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi, na mwaka 2016 iliua watu tena katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kikundi kinachonunua karanga zilizoloweshwa hakina haja ya mtaalamu wa kukaanga kabla hakijapata mtu wa kuzungumza na wakulima wake.

Ulizeni nyumbani kwanza

Kabla ya kumwita mtu kutoka ng'ambo, pelekeni karatasi yenu ya vipimo kwa afisa ugani wa kata, kwa ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na ikiwezekana kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kilicho karibu. Kwa utafiti wa kilimo, walio Kenya waende KALRO na walio Uganda waende NARO. Sehemu ya shida huenda ikamalizwa kwa ziara ya siku moja bila gharama kubwa. Sehemu itakayobaki ndiyo ya kuombea mgeni, na barua yenu itakuwa na nguvu zaidi ikieleza kwamba wataalamu wa ndani wameshirikishwa na mmoja wao atakaa darasani pamoja na mgeni. Huyo atabaki wilayani mgeni akishapanda ndege.

Hadidu za rejea na mgawanyo wa gharama

Taasisi nyingi zina fomu zao, lakini andikeni hati yenu ya ukurasa mmoja au miwili hata kama haikuombwa. Iseme kikundi ni cha nani na kina wanachama wangapi, shida ni ipi pamoja na vipimo vyake, vifaa vilivyopo kwa majina na hali yake, chanzo cha umeme na maji, msimu unaofaa, na mambo mawili au matatu ambayo kikundi kitaweza kuyafanya chenyewe mgeni akiondoka. Picha za mashine, stoo na bidhaa ziambatanishwe, kwa sababu fundi mzoefu husoma mengi kwenye picha ya kinu kilichochakaa.

Msimu usipuuzwe. Mtaalamu wa kukausha maembe akifika mwezi ambao hakuna embe atafundisha kwa ubao na chaki, na ukaushaji haufundishwi kwa ubao na chaki. Vilevile msimwalike wakati wa kupanda, kwa kuwa wanachama watakuwa shambani na darasa litajaa watu wasiohusika.

Kuhusu gharama, utaratibu wa kawaida ni kwamba taasisi inayotuma hulipa nauli ya ndege na bima, na mwenyeji huchangia malazi, chakula na usafiri wa ndani. Mgeni halipwi mshahara. Kubalianeni kwa maandishi nani analipia malighafi ya mazoezi, kwani kilo 200 za karanga zitakazokaangwa na nyingine kuungua si kitu kidogo kwa kikundi. Msimamo wangu kuhusu posho za wanachama ni kwamba chakula cha mchana na nauli kwa wanaotoka mbali vinatosha. Posho ya kukaa hubadilisha orodha ya wahudhuriaji, na wale wanaoshika mwiko na kinu kila siku hujikuta nje ya mlango.

Vibali

Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Nchini Tanzania wajitoleaji wanaokaa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C, na wanaokuja kwa muda mfupi nao wana utaratibu wao. Ulizeni Uhamiaji mapema kwa barua, huku mkiijulisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri na serikali ya kijiji. Mwambieni mgeni asibebe mbegu, miche wala udongo kwenye begi lake, maana kuviingiza bila kibali ni kosa la kisheria na ni njia ya kuleta magonjwa ya mimea ambayo hatuna.

Kabla hajafika

Mchagueni mkalimani kwa kuangalia kama anaijua kazi, siyo Kiingereza chake pekee. Kijana anayeongea Kiingereza cha kupendeza lakini hajawahi kumenya karanga atatafsiri maneno na kupoteza maana. Kama wapo wanachama wanaofuata vizuri zaidi kwa Kigogo au Kirangi kuliko Kiswahili, awepo pia mtu wa kuwaelewesha. Mkalimani azungumze na mgeni kwa simu kabla ya safari, wakubaliane majina ya vifaa na hatua, na mgeni aelezwe kwamba darasa la saa mbili kupitia mkalimani ni darasa la saa moja.

Wanafunzi wawe watu wanaoifanya kazi yenyewe, na kwa kila hatua ya usindikaji wawepo angalau wawili, ili mmoja akihama au akijifungua ujuzi usiondoke naye. Ratiba ipangwe na kina mama wenyewe. Mafunzo yanayoanza saa mbili asubuhi huwaacha nje wanaochota maji na kuwaandaa watoto, ilhali yakianza saa nne na kuisha saa tisa huwapata wote.

Tayarisheni mizani, kipimajoto, turubai safi, vichanja, maji na sabuni ya kunawa, na karanga za viwango tofauti, zikiwemo mbovu. Mgeni anahitaji kuziona mbovu zenu.

Siku za mafunzo

Siku ya kwanza mgeni asifundishe. Atazame kikundi kikifanya kazi kama kawaida tangu asubuhi hadi jioni, na wanachama wasisafishe wala kupamba kwa ajili yake zaidi ya usafi wa kila siku. Jioni wakae pamoja, wamsomee vipimo vyao, naye aseme alichokiona. Mara nyingi mpango wa kazi hubadilika hapo, na ni afadhali ubadilike siku ya kwanza kuliko ya nane.

Baada ya hapo kila somo lifuate mwendo mmoja: mgeni anafanya mara moja, wanachama wanafanya yeye akitazama, kisha wanafanya yeye akiwa hayupo chumbani. Kwa siagi ya karanga, mahali pa kukaa muda mrefu zaidi ni penye uchambuzi. Kukaanga hakuondoi sumukuvu kwa kiwango cha kutegemewa, na kusaga huieneza kwenye mzigo wote, kwa hiyo kinga ya msindikaji mdogo ni macho na mikono: kutoa karanga zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla ya kukaanga, kisha kuchambua tena ngozi ikishatoka, kwani zile zilizojificha huonekana hapo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu zisizozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 peke yake isizidi 5, kiasi kisichoonekana kwa jicho wala kuonjwa kwa ulimi. Kwa sababu hiyo mwombeni mgeni na afisa wa SIDO wasaidie kupeleka sampuli maabara kabla na baada ya mafunzo. Zilizotupwa zisipewe ng'ombe wa maziwa wala kuku, kwa kuwa sumu hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto wa nyumbani.

Unyevunyevu nao una vipimo vyake. Karanga zilizomenywa huhifadhika vizuri zikiwa na asilimia 7 hadi 8, na mahindi yasizidi 13.5. Kipimo cha kielektroniki kikikosekana, kwa mahindi kuna njia ya chumvi: tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kwa muda, na chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa punje hazijakauka vya kutosha. Njia hii huonyesha unyevunyevu unaozidi asilimia 15 hivi, basi hata chumvi isipogandamana endeleeni kuanika kidogo. Mafunzo ya namna hii, yanayoacha nyuma chupa na chumvi, nayapenda kuliko yale yanayoacha kitabu cha kurasa mia.

Katika chumba cha kusagia, simamieni ukavu. Maji yakigusa karanga zilizokwisha kukaangwa au kinu kinachotumika huwapa nafasi bakteria ambao siagi kavu ingewazuia, kwa hiyo usafishaji mkubwa ufanyike kazi imekwisha na kila kitu kikauke kabisa kabla ya mzigo unaofuata.

Vikundi vya nyanya, pilipili na mboga za kwenye chupa vina tahadhari yao. Chakula chenye uchachu mdogo, yaani chenye pH (kipimo ambacho hupanda uchachu ukipungua) inayozidi 4.6, hakiwi salama kwa kuchemshwa kwenye sufuria ya kawaida kisha kufungwa, kwa sababu mbegu za bakteria wa sumu ya botulini hustahimili maji yanayochemka. Mgeni aliyezoea sufuria ya mgandamizo yenye kipimo cha presha huenda asikumbuke kulisema hilo. Muulizeni waziwazi, na kila bidhaa ya mapishi mapya ipimwe pH kabla ya kuuzwa.

Hatua zote ziandikwe kwa Kiswahili chepesi kwenye karatasi kubwa ukutani, na wanachama warekodi kwa simu video fupi za kila hatua wakieleza wao wenyewe. Siku ya mwisho kikundi kiendeshe mzigo mzima peke yake, vipimo vikiandikwa kwenye leja ileile ya mwanzo, huku mgeni ameketi kando.

Ushauri wa kukataa na vifaa vya kukataa

Heshima kwa mgeni haizuii swali. Kila pendekezo lipitishwe kwenye maswali manne: linagharimu kiasi gani, vifaa vinapatikana wapi, nani atatengeneza kikiharibika, na mauzo yataongezeka kwa kiasi gani ili kulipa gharama hiyo. Kifungashio cha kioo kinachopendeza lakini huagizwa kutoka nje kinaweza kula faida yote. Mashine inayotaka umeme wa njia tatu ni mzigo kwa kijiji chenye njia moja. Kama mgeni anataka kuchangisha fedha kwao ili awatumie kifaa, mshukuruni, kisha mwombeni michoro ipelekwe kwanza kwa fundi wa mjini kwenu.

Mfano wa kutazama ni wa Jock Brandis, aliyekwenda Mali mwaka 2001 kurekebisha mtambo wa maji na kukuta kina mama wakimenya karanga kwa vidole hadi vikaumia. Aliahidi kuwatafutia mashine ndogo ya bei nafuu, akagundua haipo, akatengeneza mwenyewe ya zege na vyuma vichache, inayomiminwa kwenye kalibu na kuzungushwa kwa mkono. Fundi mwashi yeyote aliyepata kalibu anaweza kuitengeneza. Kifaa cha aina hiyo kipokeeni kwa mikono miwili.

Akishaondoka

Wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari, kwa kuwa uchovu wa wageni na viporo vya nyumbani huwarudisha watu kwenye njia ya zamani. Pangeni mzigo wa kwanza ndani ya siku saba. Wanachama wawili wapewe jukumu la kuandika leja kila mzigo, na afisa ugani aliyehudhuria aje mara moja kwa mwezi kukagua uchambuzi na unyevunyevu. Ombi la nembo ya ubora lianze wakati huohuo. Nchini Tanzania usajili wa majengo na bidhaa za chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, na SIDO huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwao. Nchini Kenya mwende KEBS, na Uganda UNBS.

Baada ya miezi sita, linganisheni leja mpya na ile ya kabla ya ziara: kilo zilizotupwa, chupa zilizorudishwa, saa za kazi, fedha iliyobaki mkononi. Mtumieni mgeni na taasisi yake taarifa ya ukurasa mmoja yenye namba hizo, mkieleza pendekezo lipi linatumika, lipi liliachwa na kwa sababu gani. Namba zikiwa hazijasogea, ziandikeni hivyohivyo, kwani taasisi makini hutumia taarifa ya namna hiyo kuchagua mtu anayefuata, na huenda anayehitajika sasa ni mtu wa hesabu na masoko badala ya mtu wa kinu.